Kitanda Kilichofungwa kwa Land Rover

Zack Nyaberi alifia kitandani mchana kweupe, akiwa bado amevaa gambuti zake za kazi.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha wavu, vile vya kambi ambavyo wazungu hufunga kati ya miti miwili wakajinyoosha humo. Mzungu mmoja wa mradi wa maji alimwachia siku aliporudi kwao. Tatizo ni kwamba pale alipopenda kupumzika palikuwa na mti mmoja tu, mgrevilea ulio kando ya barabara ya Divisheni ya Tatu, milimani juu ya Kiptere. Basi mti wa pili ukawa Land Rover ya kampuni ya chai. Kila siku baada ya chakula cha mchana kamba moja ilifungwa kwenye mgrevilea, nyingine kwenye ndoano ya nyuma ya gari, na msimamizi wa divisheni akalala katikati mpaka saa tisa.

Jumatano hiyo ya Mei 1995 gari liliondoka naye.

Inspekta Ajwang alifika saa tisa na robo, mvua ya kila siku ikijikusanya nyuma ya vilima. Alishuka polepole, mguu wa kulia kwanza, kwa sababu goti la kushoto lilikuwa na maoni yake siku hizo. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Likizo yake ya kwanza katika miaka minne ilikuwa ianze Ijumaa. Karatasi ilikuwa imetiwa sahihi na kupigwa muhuri, nayo ilikaa kwenye mfuko wa shati lake. Siku mbili tu! Watu hawa hawangeweza kungoja siku mbili?

"Nani amegusa maiti?" aliuliza.

"Hakuna, afande," alijibu Konstebo Rodah Chepkemboi, aliyekuwa ametangulia kwa pikipiki. "Nimewafukuza wote mpaka kule kwa kibanda cha kupimia majani."

Ajwang alihesabu hatua kutoka kwenye mti. Thelathini na nane. Land Rover ilikuwa imeingia kwenye majani chai upande wa chini, pua imezama, matako juu. Nyaberi alikuwa nyuma yake, amezungushiwa wavu wa kijani, uso kwenye changarawe. Kamba ya upande wa mti ilikuwa imekatika kwa kuvutwa. Nyuzi zake zilikuwa zimechanuka, hazikuwa na alama ya kisu. Ile ya upande wa gari ilikuwa bado imefungwa kwenye ndoano, fundo limekaza vizuri.

"Shingo," alisema Ajwang alipoinuka. "Daktari atatuambia na maneno marefu, lakini ni shingo. Piga picha kabla mvua haijafika. Hilo fundo pia. Dereva ni nani?"

Dereva alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, kofia mkononi. Kipkurui, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega mapana na macho mekundu. Hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi, afande. Nilisahau kuweka jiwe."

Hapo hapakuhitaji maelezo. Magari ya aina hiyo yamejaa nchi yote ya chai. Betri ilikufa Krismasi, handbreki ilikufa zamani kuliko betri, na gia ilikuwa ikiruka yenyewe. Barua za kuomba spea zilikuwa zimeandikwa. Kwa hiyo gari lilisimamishwa siku zote kwenye mteremko, likitazama chini, na jiwe mbele ya gurudumu. Ukitaka kwenda, unaondoa jiwe, linateremka, unalipiga gia ya pili, linawaka. Jiwe ndilo breki, ndilo handbreki, ndilo kila kitu.

"Ukasahau," alisema Ajwang.

"Nikasahau."

"Ulisimamisha gari saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo. Nikafunga kitanda ya bosi, nikaenda kwa kibanda kupima majani."

"Na ajali?"

"Saa nane na nusu hivi. Tulisikia tu kishindo."

"Nani alikuwa na wewe?"

"Akina mama wote. Uliza Chelimo."

Ajwang alivua kofia, akajikuna kichwa. "Hebu nisaidie, bwana Kipkurui, mimi si dereva. Gari halina breki. Gia inaruka. Jiwe umesahau. Na mteremko ni huu tunaouona. Sasa hilo gari lilikaa hapo karibu masaa mawili likingoja nini?"

Kipkurui alitazama kofia yake.

"Labda kulikuwa na kajiwe kadogo."

"Labda."

"Afande, nimesema ni mimi. Unataka nini ingine?"

Alichotaka Ajwang wakati huo kilikuwa mahali pa kukaa. Goti lilikuwa likimuuma vibaya. Alipanda ukingo wa barabara, akaona jiwe moja kubwa limetulia kwenye nyasi, akaketi. Akakaa hapo akimwangalia Chepkemboi akipiga picha. Akawaza Ijumaa, na samaki wa mkewe, na kulala bila kuvaa saa.

Kisha akajitazama suruali. Kwenye kaki kulikuwa na weusi.

Aliinuka, akainama, akaliangalia jiwe alilokalia. Upande mmoja ulikuwa na alama nyeusi ya mpira. Pembeni palikuwa na mkwaruzo mweupe, mbichi, wa chuma. Alilisukuma kwa mguu. Nyasi zilizokuwa chini yake zilikuwa za kijani, zimelala tu. Hazikuwa zimegeuka njano. Jiwe hilo lilikuwa limekaa hapo saa chache, si siku nyingi.

"Chepkemboi!"

"Afande!"

"Njoo upige picha ya kiti changu."

Konstebo alitazama jiwe, akatazama suruali ya mkubwa wake, akajizuia kucheka. Kisha akaelewa, na kicheko kikaisha.

"Halikusahauliwa," alisema kwa sauti ya chini.

"Liliwekwa, likatolewa, likapandishwa huku juu kwa adabu zake zote. Andika." Ajwang alihema. "Ee Mungu, na Ijumaa yangu."

Chelimo, mama mnene aliyevaa apron ya plastiki ya kuchumia, alithibitisha habari za dereva bila kusitasita. Kipkurui alikuwa kwa mizani tangu saa saba. Hakutoka hata kwenda choo. Kishindo kiliposikika alidondosha kikapu cha watu na kukimbia.

"Kuna mtu aligusa jiwe mlipofika?"

"Jiwe gani? Sisi tulikuwa tunaangalia mtu."

Mvua ikafika.

*

OCS, mkuu wa kituo, hakupenda jiwe.

"Dereva amekiri," alisema. "Kusababisha kifo kwa uzembe. Mpeleke kortini Ijumaa asubuhi, ukitoka huko panda gari yako uende kwenu. Ni nini ngumu hapo, Ajwang?"

"Hakuna ngumu, bwana."

"Basi?"

"Amekiri kitu ambacho hakufanya."

"Wewe ni inspekta wa kwanza kunililia kwamba mtu amekiri."

Ajwang alitaka sana kukubali. Jambo hilo lazima lisemwe wazi, maana baadaye watu walimsifu bure. Taarifa ilikuwa imeandikwa tayari, kurasa mbili. Sahihi yake tu ndiyo iliyobaki. Aliishika kalamu, akaiweka chini, akamwita askari wa rumande amletee Kipkurui.

"Una watoto wangapi?"

"Sita."

"Ukifungwa, kampuni itawatoa kwenye nyumba. Unajua hilo?"

"Najua. Mama yao ana kwao Merigi."

"Umejipanga vizuri. Jiwe liliwekwa, Kipkurui. Nimelikalia mwenyewe. Nani alilitoa?"

Kipkurui aligeuzia uso ukutani.

"Unamficha nani?"

Dereva alijifuta uso kwa mikono yote miwili. "Afande, wewe andika tu. Umechoka, mimi pia nimechoka."

"Nyaberi alikukosea?"

"Hapana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaamka saa kumi ya alfajiri kila siku. Alikuwa anapenda tu kulala mchana."

"Basi mbona unataka kuubeba mzigo huu?"

Kipkurui alifungua mdomo. Kwa nukta moja Ajwang alidhani amempata. Lakini alisema tu: "Mimi ndiye nilikuwa na ufunguo."

"Ufunguo wa leo?"

Dereva alitingisha kichwa kukataa, akainuka arudishwe ndani. Ajwang aliandika maneno hayo kwenye daftari, akayapigia mstari, ingawa hakuyaelewa.

*

Asubuhi ya Alhamisi ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba. Akina mama walikuwa wameingia kwenye majani tangu saa kumi na mbili, wakichuma kwa mikono miwili, wakirusha nyuma kwenye vikapu bila kutazama. Ajwang alisimama barabarani karibu na ule mgrevilea. Aliangalia juu, akaangalia chini, akaona kitu ambacho jana hakukiona.

Barabara ilikuwa safi.

Alikuwa amepita Divisheni ya Kwanza na ya Pili, na kila penye mteremko Chepkemboi alikuwa akikwepa mawe kwa usukani. Madereva huondoa jiwe gurudumuni wakaliacha palepale katikati, wakaenda zao. Hapa hapakuwa na hata moja.

"Mama Chelimo!" aliita. "Madereva wa hapa wana nidhamu, eh? Hawaachi mawe njiani."

Chelimo alicheka mpaka kikapu kikatikisika. "Madereva? Wee! Hao wakiacha hata mama zao njiani hawajui. Ni mzee Kebaso huwa anatoa. Yule wa mitaro. Zamani alikuwa utingo wa lori za Sotik. Anasema kuna mwalimu alianguka na baiskeli juu ya jiwe yake akakufa, basi tangu hapo hawezi kupita jiwe. Hata akiwa amebeba mtoto anainama, anatoa, anaweka kando..."

Mikono yake, ambayo ilikuwa haijasimama tangu alfajiri, ilisimama.

"Jana mzee Kebaso alikuwa wapi?" aliuliza Ajwang.

"Mimi sijui, afande."

"Mama."

"Alikuwa anafungua mitaro." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Hapo tu. Hapo tu karibu na mti. Usiniulize tena, tafadhali. Huyo mzee amezika."

"Amezika nani?"

Chelimo alirudi kwenye majani, akawapa mgongo.

*

Nyumba ya Kebaso ilikuwa ya mwisho kwenye laini ya wafanyakazi. Mbele yake kulikuwa na mawe, mengi, makubwa kwa madogo, yamepangwa kuzunguka kitalu cha sukuma wiki. Kila moja lilikuwa na alama nyeusi ya mpira. Jembe la mitaro liliegemea ukuta, na makali yake yalikuwa yamepinda kidogo kwenye kona moja.

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kizingiti akimlisha mtoto uji kwa kijiko. Mtoto wa kike, hajafika mwaka, mwenye kofia ya sufu. Kebaso alikuwa mwembamba, mvi tupu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alikuwa amejiandaa.

"Karibuni," alisema. "Nilidhani mtakuja jana."

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Ni nzuri kidogo. Mumwache amalize, ni vijiko vitatu vimebaki."

Wakangoja. Chepkemboi aliangalia pembeni. Mtoto alimaliza, akacheua, akamtazama Ajwang kwa makini akaamua hana haja naye.

"Anaitwa nani?" aliuliza Chepkemboi.

"Nyamoita. Ni wa Janefer wangu."

Ajwang alishusha mwili wake kwenye jiwe mojawapo. "Mzee Kebaso, mimi ni Inspekta Ajwang. Ninachunguza kifo cha Zack Nyaberi. Lazima nikuonye. Si lazima useme chochote. Ukisema, konstebo huyu ataandika, na itasomwa kortini. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Kipkurui yuko wapi?"

"Ndani."

"Kwa nini?"

"Amesema ni yeye."

Mzee alifunga macho. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake. "Huyo Mkipsigis ni mjinga," alisema. "Ana watoto sita! Nani alimwambia afanye hivyo? Andika, binti. Andika vizuri. Jiwe nilitoa mimi."

"Na nini?"

"Na jembe. Gari ilikuwa imelalia, haitoki kwa mkono. Nikapenyeza jembe chini, nikakanyaga, ikatoka. Nikaichukua nikaiweka juu ya ukingo."

"Kwa nini juu ya ukingo?"

Kebaso alimshangaa. "Watu wanapita hapo na baiskeli."

Chepkemboi aliacha kuandika. Ajwang alimwashiria aendelee.

"Nyaberi alikukosea nini, mzee?"

"Hakunikosea. Alilala."

"Eleza."

"Mwaka jana, Juni. Janefer alishikwa na uchungu kabla ya siku. Hapa hapa ndani. Damu ilikuwa inakuja, mkunga akasema hii si yangu, mpeleke hospitali ya misheni. Ni kilomita tisa. Nikakimbia mpaka barabarani. Land Rover ilikuwa pale. Kitanda kilikuwa kimefungwa na mkubwa ameshaingia. Nikamwambia, bosi, mtoto wangu anaumia, nisaidie na gari. Nilimwambia kwa lugha yetu, maana yeye ni wa nyumbani. Akafungua jicho moja. Akasema, 'Kebaso, ndio nimefunga sasa hivi. Wanawake huzaa kila siku. Ngoja nusu saa tu, nipumzike, halafu Kipkurui atakupeleka.'"

Mzee alimpangusa mtoto mdomo kwa ukingo wa shati.

"Na wewe?"

"Nikangoja."

"Ulingoja?"

"Nilikaa pale kwa ukingo, afande. Na Kipkurui akakaa na mimi, ufunguo uko kwa mfuko wake. Nusu saa ikaisha. Mkubwa anakoroma. Nikamwambia Kipkurui, mwamshe. Akasema, wewe mwamshe, mimi nitafutwa. Nikaogopa. Miaka thelathini nimefanya kazi ya watu, sijawahi kuamsha mkubwa. Tukaangaliana hivyo, wazee wawili, kitanda kinaning'inia hapo katikati. Saa nzima na zaidi. Halafu nikasikia akina mama wanapiga nduru huku juu."

Kwenye nyumba ya jirani redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

"Tulimbeba kwa magunia ya mbolea na fito mbili. Huyu alizaliwa njiani. Mama yake alifika darajani, hakuvuka. Aliniuliza, 'Tata, baba yangu, gari inakuja?' Nikamwambia inakuja."

"Pole, mzee," alisema Ajwang, na neno hilo lilimwaibisha kwa udogo wake.

"Nyaberi alikuja matangani. Alileta sukari. Akasema, pole, sikujua ni mambo makubwa. Na kesho yake akafunga kitanda palepale."

"Ni karibu mwaka mzima umempita amelala. Jana kulikuwa na nini?"

Kebaso alimweka mtoto sawa magotini. Alipozungumza, alizungumza na mtoto kuliko na wao.

"Jana nilikuwa nafungua mtaro. Akaniita. 'Kebaso, hebu njoo unisukume kidogo.' Nikasema nikusukume wapi, bosi? Akasema, 'Hiki kitanda, kikitembea tembea usingizi unakuja haraka.' Nikaweka jembe chini. Nikamsukuma. Mara moja, mara mbili, kama mtu anabembeleza mtoto. Akaanza kukoroma. Na mimi bado nasukuma. Mkono hauachi. Nikaangalia mkono wangu nikasema, Kebaso, ni wewe huyu? Ndipo nikachukua jembe."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua gari itaenda." Alimtazama Ajwang kwa mara ya kwanza usoni. "Nilitaka tu hiyo gari iende. Mwaka mzima imesimama pale. Nikila, imesimama. Nikilala, imesimama. Ikienda, nilisema, labda na mimi nitapumzika."

"Umepumzika?"

"Hapana," alisema mzee Kebaso, na hapo ndipo alipolia.

Chepkemboi alimsomea maelezo yake neno kwa neno. Mzee alitia kidole gumba kwenye wino, akabonyeza. Kisha aliingia ndani akatoka na mfuko: nguo za mtoto, chupa, kitambaa cha mgongoni. Alikuwa ameupanga tangu usiku.

"Huyu apelekwe kwa mke wa Kipkurui," alisema. "Amemzoea. Yule mama ndiye alimnyonyesha miezi ya kwanza, yeye na wake pamoja. Na Kipkurui mumtoe leo. Mimi nilingoja mara moja tu, mtoto wangu akafa. Yeye asingojeshwe."

*

Land Rover ilikuwa imevutwa na trekta mpaka uani mwa kituo, na kipande cha kamba kilikuwa bado kimening'inia kwenye ndoano ya nyuma, kadi ya kielelezo imefungwa pembeni. Saa nane mchana, baada ya mabishano na OCS ambayo hayana haja ya kurudiwa hapa, Kipkurui alifunguliwa mlango. Alitoka akipepesa macho kwa mwanga. Chepkemboi alikuwa kivulini, Nyamoita mgongoni.

"Mzee amesema?" aliuliza Kipkurui.

"Amesema yote."

"Pia ile ya ufunguo?"

"Pia hiyo."

Dereva alitikisa kichwa mara nyingi. "Nilifikiri nikienda mimi, mtoto atabaki na babu yake. Nilikuwa na deni hiyo tu, afande. Sikujua kulipa njia ingine."

"Ulinipotezea siku nzima. Ningeweza kukushtaki kwa kudanganya polisi."

"Nishtaki."

"Nimechoka, Kipkurui. Nenda nyumbani."

Lakini Kipkurui hakwenda. Alikuwa akitazama ndoano ya gari. Ajwang alifuata macho yake, akakumbuka jambo lililokuwa likimkereketa tangu asubuhi, tangu mzee aliposema wazee wawili wakaangaliana.

"Fundo hilo ulifunga wewe?"

"Ni mimi nilikuwa nafunga kila siku. Yeye hakujua kufunga."

"Ni fundo gani?"

"La ng'ombe. Ile ya kufunga ng'ombe ukikamua, akirusha teke umwachilie haraka."

"Lilimburuta mtu hatua thelathini na nane na bado limeshika."

"Ukivuta upande wa mzigo, linakaza. Lazima uvute ile ncha fupi."

"Nionyeshe."

"Afande!" Chepkemboi alisogea mbio. "Ni kielelezo!"

"Kina picha nne. Nionyeshe, Kipkurui."

Dereva alikaribia gari lake. Alishika ncha fupi kwa vidole viwili, akavuta bila nguvu yoyote. Fundo likalegea, kamba ikateleza kutoka kwenye ndoano, ikaanguka chini kwenye vumbi.

Basi. Ilikuwa ni hivyo tu, na hata Juni ile ingekuwa hivyo tu.

Kipkurui alichuchumaa kando yake na kuanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya askari wote wa zamu. Mtoto mgongoni mwa Chepkemboi aliamka, akamwona, akamnyooshea mkono. Ajwang alisubiri kidogo, kisha akamvua konstebo kile kitambaa taratibu, akampa Kipkurui mtoto amshike, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

"Nitaandikaje hapa, afande?" aliuliza Chepkemboi, daftari la vielelezo mkononi, sauti yake imekauka.

"Andika kwamba kamba ilifunguliwa kwa amri yangu."

"Na muda?"

"Saa nane na dakika ishirini."

"Hapana, afande. Muda uliochukua."

Ajwang alitazama kamba chini, halafu mtu na mtoto.

"Sekunde moja," alisema. "Andika sekunde moja."

Konstebo aliandika, akamgeuzia daftari, na Ajwang akatia sahihi.